Humayun hakufa papo hapo, wala kiti hakikurithiwa kesho yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe makala ya historia mliyoyachapisha hivi karibuni kuhusu wafalme wa Mughal waliotawala Bara Hindi. Mwandishi wenu alieleza kwamba Mfalme Humayun aliteleza ngazini mwaka 1556, akafa papo hapo, na kwamba mwanawe Akbar alikalia kiti cha enzi siku ya pili yake bila ya mvutano wowote. Ni maelezo mafupi na yenye kusomeka, lakini ukitoa mwaka na ngazi hakibaki kitu kilicho sawa ndani yake, na kilichoachwa nje ndicho chenye uzito kuliko vyote: kwamba kifo hicho kilifichwa kwa wiki mbili na zaidi, na kwamba miongoni mwa walioshauri kifichwe alikuwamo nahodha mmoja aliyeijua Bahari yetu hii ya Hindi kuliko watu wengi wa zama zake.

Makala hayo yalisomwa kwa sauti barazani petu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya sala ya Isha, na kahawa ikapoa vikombeni kwa ubishi. Mzee mmoja alishikilia kwamba mfalme alikuwa amelewa afyuni. Mwingine, ambaye hapendi jambo liishe kirahisi, akasema mfalme hauawi na ngazi, bali husukumwa. Wa tatu akauliza swali ambalo nimeona heri nilijibu hadharani: ya Delhi yatuhusu nini sisi watu wa Mvita? Kwa kuwa nilifundisha historia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, wote wakanigeukia mimi, na niliyowajibu usiku ule ndiyo ninayokuandikia hapa, kwa utaratibu zaidi na bila ya kukatizwa.

Nianze na kuanguka kwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Januari 1556, katika ngome ya Delhi ambayo leo huitwa Purana Qila. Ndani ya ngome hiyo lipo jumba dogo la mawe mekundu, lenye pande nane na ghorofa mbili, linaloitwa Sher Mandal, ambalo Humayun alilifanya maktaba yake. Alikuwa mtu wa vitabu na wa nyota, na inasimuliwa kwamba jioni ile alipanda juu ya paa akingojea kuiona Zuhura ikichomoza, kwa kuwa alitaka kuchagua saa njema ya kuwapa watu wake vyeo. Alipokuwa akishuka, mwadhini aliadhini. Ilikuwa desturi ya Humayun, kila aisikiapo adhana, kupiga goti au kuketi pale pale alipo kwa heshima mpaka imalizike. Akataka kufanya hivyo juu ya ngazi. Mguu ukanaswa na upindo wa vazi lake refu, fimbo aliyoiegemea ikateleza, akaporomoka na kuumia vibaya kichwani.

Aliyelelewa katika nyumba za zamani za Kibokoni au Kuze hahitaji kuelezwa zaidi. Ngazi zetu ni wima, vidato vyake ni vyembamba, na kila mtoto wa kiume avaapo kanzu kwa mara ya kwanza hufundishwa kuikusanya kwa mkono kabla hajainua mguu. Ndiyo maana mimi sioni haja ya kumtafuta msukumaji. Ama afyuni, ni kweli kwamba Humayun aliitumia kwa miaka mingi, wala si siri, lakini shahidi aliyekuwapo Delhi wakati huo haitaji hata kidogo anapoeleza kuanguka kule, na sioni kwa nini sisi tuiongeze karne karibu tano baadaye ili kisa kinoge.

Shahidi huyo ndiye ninayetaka wasomaji wako wamjue. Ni Sidi Ali Reis, amiri wa bahari wa dola ya Waturuki wa Uthmaniya. Mwaka 1554 alitumwa azitoe merikebu 15 za makasia kutoka Basra azirudishe Suez. Akapambana na Wareno karibu na Hormuz na Maskati, kisha tufani ikazisukuma merikebu zilizosalia hadi pwani ya Gujarat, zikiwa hazifai tena kwa safari. Mabaharia wake wengi wakaingia katika utumishi wa watawala wa huko, naye pamoja na wenzake wapatao 50 akaamua kurudi kwao kwa njia ya nchi kavu, safari iliyomfikisha Istanbul mwaka 1557. Alipokuwa Ahmedabad alitunga kitabu cha urambazaji kiitwacho Muhit, alimokusanya elimu ya manahodha wa Kiarabu kama Ahmad bin Majid na Sulaiman al-Mahri. Na huyo bin Majid ndiye aliyetunga utenzi mrefu wa kuongoza vyombo katika njia ya pwani yetu hadi Sofala. Haishangazi basi kwamba Sidi Ali alipofika Delhi, Humayun hakumwacha aondoke. Alimtaka angoje msimu wa mvua uishe, na katika kungoja huko awasaidie wanajimu wa mfalme kukokotoa kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Ruhusa ya safari ilikuwa ndiyo kwanza imetolewa mfalme alipoanguka.

Hapo limo pia jibu la mzee wetu aliyeuliza Delhi yatuhusu nini. Namkumbusha Nuno da Cunha, Mreno aliyeuvamia mji wetu mwishoni mwa mwaka 1528, akakaa humu miezi kadhaa, na kuuchoma moto kabla ya kuendelea na safari yake mwaka 1529. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa gavana wa Wareno huko Goa wakati Humayun alipoivamia Gujarat mwaka 1535. Sultani wa Gujarat, Bahadur Shah, akiwa amebanwa na jeshi la Mughal upande wa bara, aliwapa Wareno ruhusa ya kujenga ngome Diu, na miaka miwili baadaye akafia majini mbele ya merikebu zao. Katika vita hivyo Humayun alifika Khambhat na kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na Khambhat ndiko zilikotoka nguo na shanga za akiki zilizouzwa katika miji yote ya Waswahili. Sidi Ali alipigana na Wareno hao hao, na zaidi ya miaka 30 baadaye Mturuki mwingine, Mir Ali Bey, alikamatwa nao papa hapa Mombasa mwaka 1589. Nadhani yatosha.

Narudi kwenye kisa. Humayun hakufa papo hapo. Kwa mujibu wa Sidi Ali, kwa siku mbili jambo lile lilifichwa, watu wa nje wakaambiwa kwamba mfalme yu mzima, na maskini wakagawiwa sadaka. Siku ya tatu, Jumatatu, akafariki kutokana na majeraha yake. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Wakuu waliokuwamo ngomeni wakajikuta katika hofu ambayo mwandishi wenu hakuigusia. Humayun alikuwa ameirudia Delhi miezi sita tu iliyopita, mwezi wa Julai 1555, baada ya miaka 15 ya kuipoteza. Sher Shah, Mwafghani aliyemshinda mara mbili, mwaka 1539 na mwaka 1540, alikuwa amekwisha kufa, naye pia kwa ajali, baruti ilipomlipukia Kalinjar mwaka 1545. Lakini jamaa zake walikuwa bado na majeshi. Mmoja wao, Sikandar Sur, alikuwa amejificha milimani Punjab, na aliyetumwa kumwinda ni Akbar mwenyewe, mtoto wa miaka 13, akiwa pamoja na mlezi wake Bairam Khan huko Kalanaur, mamia ya kilomita kutoka Delhi. Upande wa mashariki alikuwako Adil Shah na jemadari wake Hemu. Isitoshe, katika ukoo ule hapakuwa na sheria kwamba mwana mkubwa ndiye mrithi: Humayun mwenyewe alisumbuliwa na ndugu zake maisha yake yote, hata akafika kuamuru nduguye Kamran apofuliwe macho. Na mwaka huo njaa kali ilikuwa imezikumba nchi za Delhi na Agra. Katika hali kama hiyo, neno moja likitoka langoni kwamba mfalme amekufa, askari angeanza kwa kufikiria mshahara wake, na mkuu wa mkoa angeanza kwa kufikiria nafsi yake.

Sidi Ali anaeleza kwamba yeye aliwatuliza kwa kuwakumbusha yaliyotokea kwao Uturuki mwaka 1520, Sultani Selim alipofariki: waziri wake, Piri Pasha, aliizuia habari isienee mpaka mrithi, Suleiman, alipofika kushika kiti. Hapa msomaji makini atasema kwamba ni Sidi Ali mwenyewe anayejipa sifa hiyo, na kwamba msafiri arudiye kwao hujikuza kidogo. Nakubali. Lakini mfano alioutoa ni wa kweli, na Waturuki waliutumia tena mwaka 1566, Suleiman huyo huyo alipofariki hemani mwake vitani huko Hungaria, na waziri wake akakificha kifo hicho kwa majuma kadhaa. Ilikuwa elimu ya kazi, kama ya nahodha kujua lini ashushe tanga.

Namna hila ile ilivyoendeshwa Delhi inastahili kusimuliwa polepole. Baraza la mfalme liliendelea kukutana kama kawaida. Ikatangazwa kwamba mfalme atatoka kwa farasi kwenda kwenye makazi yake ya nje ya mji. Kisha ikatangazwa kwamba hali ya hewa si nzuri, safari imeahirishwa. Siku iliyofuata ikatangazwa kwamba atawapokea watu hadharani. Kisha ikasemwa kwamba wanajimu wameiona siku hiyo kuwa haina heri. Natambua kejeli ya kisingizio hicho, kwamba nyota alizopanda darini kuziangalia ndizo sasa zilizotumwa kumtolea udhuru. Jeshi likaanza kunong'ona. Ndipo akatafutwa mtu mmoja aliyefanana naye, Mulla Bekasi kwa jina ambalo waandishi wa Kihindi wamempa, ingawa umbo lake lilikuwa dogo zaidi. Akavishwa mavazi ya kifalme, uso na macho vikafunikwa kwa utaji, akaketishwa mahali ambapo watu waliokusanyika upande wa mto wangeweza kumwona. Mtumishi mkuu akasimama nyuma yake na katibu mbele yake. Watu wakamwinamia kwa furaha, ngoma zikapigwa, na matabibu wakapewa zawadi nono kwa kumponya maiti.

Wengine watasema huu ni udanganyifu, na mzee mmoja barazani aliusema kwa ukali kwamba maiti haki yake ni kuharakishiwa kaburi. Simpingi katika hilo. Ninachosema ni kwamba waliofanya hila ile hawakujinyakulia kiti; walimshikia mahali mtoto aliyekuwa mbali mpaka habari imfikie, na hilo si jambo la kawaida katika historia ya wafalme, ambamo anayeishika siri ya mauti mara nyingi huishika na hazina. Tena haikuwa mara ya kwanza mtu wa kawaida kuonekana katika nafasi ya Humayun. Aliposhindwa Chausa mwaka 1539 na kukaribia kuzama katika mto Ganga, aliokolewa na mchota maji aitwaye Nizam, aliyemvusha juu ya kiriba kilichojazwa upepo. Naye kwa shukrani alimkalisha Nizam kwenye kiti chake cha enzi kwa muda mfupi, jambo lililowaudhi ndugu zake. Mara ya kwanza ilikuwa ihsani ya mfalme aliye hai, na mara ya pili mfalme hakuwapo kuuona mwigo wake.

Sidi Ali aliondoka Delhi akiwa na habari ya uongo mdomoni. Kila alikopita alieleza kwamba mfalme amepona. Alipofika Lahore akakuta khutba imekwisha kusomwa kwa jina la Akbar, na gavana wa huko akamzuia kuendelea, kwa kuwa amri ilikuwa imetoka kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kupita kwenda Kabul wala Kandahar. Ikabidi aende Kalanaur kuomba ruhusa upya kwa mtoto wa yule aliyempa ruhusa ya kwanza. Kwa wasomaji vijana nieleze kwamba kusomwa kwa jina katika khutba, wakati ule, ndiko kulikokuwa tangazo rasmi la serikali: jina likitajwa juu ya mimbari, utawala umehama. Delhi khutba kwa jina la Akbar ilisomwa tarehe 11 Februari, na tarehe 14 Februari 1556 alitawazwa juu ya jukwaa la matofali lililojengwa bustanini huko Kalanaur. Jukwaa hilo bado lipo. Tangu mfalme aanguke ngazini hadi mwanawe kutawazwa zilipita wiki tatu kamili, nayo si siku moja kama mlivyoandika.

Ama kwamba hapakuwa na mvutano, nitakuwa mfupi, kwa kuwa vita vimeandikwa sana. Mkuu mmoja, Abul Maali, aliyekuwa kipenzi cha Humayun, alionyesha kiburi kwa mfalme mpya na Bairam Khan akamtia kizuizini. Kabul ilizingirwa na jamaa wa ukoo aliyetoka Badakhshan. Mwezi wa Oktoba Hemu, mtu aliyeanzia katika biashara akapanda hadi ujemadari, aliiteka Agra na kisha Delhi yenyewe, na Tardi Beg, aliyekuwa akiishika Delhi kwa niaba ya Akbar, akakimbia. Bairam Khan akamuua kwa kosa hilo, ingawa wapo wanaosema alimuua kwa sababu alikuwa mpinzani wake. Hemu akajitawaza mfalme. Inasemekana kwamba mwili wa Humayun ulihamishwa hadi Sirhind kwa kuhofia asije akautia mkononi.

Majeshi ya Hemu na ya Akbar yalikutana Panipat tarehe 5 Novemba 1556. Hemu alikuwa na watu wengi zaidi na tembo wengi zaidi, na siku ile ilikuwa ikimwendea vizuri hadi mshale ulipompiga jichoni. Alikuwa juu ya tembo, mahali ambapo kila askari wake angeweza kumwona, na kila askari wake alimwona akianguka. Jeshi lililokuwa likishinda likatawanyika. Sidhani kwamba mtu anaweza kuifahamu vizuri siku ile ya Panipat bila ya kuikumbuka ile siku ya Delhi ambapo jeshi jingine lilitazama juu, likauona utaji na vazi la kifalme, likarudi kambini kwa ngoma. Akbar alitawala hadi mwaka 1605, na mwandishi wenu amesifu utawala huo kwa aya tano. Nilitarajia walau aya moja kwa walioushikilia kabla yeye hajafika.

Limebaki jambo moja dogo, nalo ni picha. Chini ya picha kubwa mliyoichapisha pamoja na makala hayo yameandikwa maneno kwamba hilo ndilo jengo alimoangukia mfalme. Silo. Hilo lenye kuba jeupe ni kaburi lake, ambalo mjane wake Bega Begum alilisimamia likajengwa miaka mingi baadaye, likakamilika mnamo mwaka 1572. Sher Mandal ni jengo dogo zaidi, na limo ndani ya kuta za Purana Qila, si mbali na kaburi hilo. Mkiweza kupata picha yake, ichapisheni pamoja na masahihisho, na ikiwezekana iwe ile inayoonyesha ngazi.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Mji wa Kale, Mombasa